Kagua Kwanza, Lipa Baadaye: Somo kwa Kamati za Parokia Zinazotaka Kununua Jengo la Biashara



Mara nyingi tumezungumza nanyi juu ya parokia kujitegemea. Tumeongelea mashamba ya miti na parachichi, ng'ombe wa maziwa na mashine za kusaga. Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo juu ya mradi ambao kamati nyingi zinatuulizia, yaani kununua jengo la biashara lenye fremu za kupangisha.

Sababu ya kuulizia zinaeleweka. Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo hapo. Njombe nayo, tangu ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012, imepata ofisi, wafanyakazi na wafanyabiashara wa mbao, viazi na parachichi. Fremu haihitaji mbolea wala haiugui. Mpangaji akilipa kodi, parokia ina fedha ya zahanati, ya makatekista na ya ada za yatima.

Hata hivyo, jengo linaweza kula fedha badala ya kuleta fedha. Lengo la somo hili ni kuisaidia kamati ijue namna ya kulikagua jengo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KOSA LETU WENYEWE

Si vema kuwafundisha wengine bila kukiri ya kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tuliisaidia parokia moja kununua jengo la fremu tano katika mji wa Njombe. Tulikwenda kuliona mwezi Agosti. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, bati lilikuwa linang'aa, na fremu zote zilikuwa na wapangaji. Muuzaji alikuwa muumini mwenye heshima, na hakuna aliyetaka kuonekana kwamba anamtilia shaka. Tulizunguka jengo kwa muda usiofika saa moja, tukapeana mikono, fedha zikalipwa.

Mvua zilipokolea mwezi Januari, ukuta wa nyuma ulianza kuachana na jengo. Ufa ulitoka kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi sakafuni, na mtu aliweza kuingiza kidole. Fundi alipochimba pembeni ya msingi ndipo tulipoelewa. Kiwanja kilikuwa kwenye mteremko, kama vilivyo viwanja vingi vya Njombe. Upande wa juu ulikuwa umechongwa, na udongo wake ukamwagwa upande wa chini ili kupata usawa. Hivyo nusu ya jengo ilikaa juu ya ardhi ngumu, na nusu juu ya kifusi kisichoshindiliwa. Maji yalipoingia kifusi kilitulia, na ukuta ukakifuata.

Wapangaji wawili waliondoka. Kwa miaka miwili kodi ya fremu zilizobaki iliishia kwenye kuimarisha msingi na kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Wako watoto yatima waliokuwa wakitegemea kodi ile ambao walichelewa kurudi shuleni muhula mzima, hadi tulipopata msaada kwingine. Muuzaji hakutudanganya. Hatukumwuliza chochote, na hatukumpeleka mtu wa kuangalia. Kosa lilikuwa letu.

JENGO LA BIASHARA SI NYUMBA YA KUISHI

Kamati nyingi hulitazama jengo la biashara kama zinavyotazama nyumba: lina bati, lina milango, linafungwa. Lakini jengo la biashara hubeba uzito zaidi, huingiza watu wengi zaidi na hutumia umeme mwingi zaidi.

Tuchukue mfano wa uzito. Katika viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wa nchi yetu wamevitumia kwa muda mrefu, sakafu ya nyumba ya kuishi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba, na sakafu ya duka takriban kilo 400. Sasa fikiria stoo ya ghorofani. Magunia sita ya mahindi ya kilo 100, yakipangwa moja juu ya jingine, ni kilo 600 mahali pasipofika mita moja ya mraba. Mifuko 100 ya saruji ni tani 5. Ghorofa iliyojengwa kwa ajili ya vyumba vya kulala haikukusudiwa kubeba mzigo huo.

Dunia imejifunza jambo hili kwa machozi. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lenye ghorofa nane liliporomoka karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, na kuua zaidi ya watu 1,100. Lilisanifiwa kwa maduka na ofisi, lakini lilikuwa na viwanda vya nguo na jenereta nzito, na ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini wafanyakazi wa viwandani waliamriwa kurudi kazini.

Nasi hapa nchini tumeonja. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo likiwa na wachuuzi na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Atakayenunua jengo ananunua pia wajibu juu ya roho za watu watakaoingia humo.

HATUA YA KWANZA: KARATASI NA MIPAKA

Msianze na ukuta. Anzeni na karatasi, kwa sababu karatasi mbovu haitengenezwi kwa saruji.

Katika Kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32, nabii ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mtoto wa mjomba wake. Ni ndugu yake wa damu. Hata hivyo anapima fedha, shekeli 17, anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo ili idumu. Kama nabii alifanya hivyo kwa ndugu yake, sisi tusione aibu kufanya hivyo kwa muumini mwenzetu. Kudai karatasi ni njia ya kuulinda undugu.

Kamati ihakikishe mambo yafuatayo:

(a) Hati. Muuzaji aonyeshe hati miliki halisi, siyo kivuli. Barua ya toleo au karatasi ya mauziano ya mtaani peke yake isiwaridhishe. Fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ili kujua kama jina ni lake, kama kiwanja kimewekwa rehani benki, kama kuna zuio, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Someni pia matumizi yaliyoandikwa. Kiwanja cha makazi tu hakifai kwa maduka mpaka matumizi yabadilishwe kisheria.

(b) Mwenza na warithi. Kama muuzaji ana mke au mume, pateni idhini yake kwa maandishi. Kama mali ni ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajue. Si vema parokia kununua jengo leo na kesho kuburuzana mahakamani na wajane na yatima.

(c) Jina la mnunuzi. Parokia yenyewe haina sifa ya kisheria ya kumiliki ardhi. Mmiliki ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa kwa Sheria ya Udhamini, Sura ya 318, ambayo husimamiwa na RITA. Kamwe jengo lisiandikwe kwa jina la mwenyekiti au mweka hazina, hata kama ni mtakatifu. Binadamu hufa, na watoto wake hurithi.

(d) Wapangaji. Ombeni mikataba yote ya upangaji. Je, kuna mpangaji aliyekwisha lipa kodi ya miaka miwili mbele? Fedha hiyo ameshaila muuzaji, nanyi mtabaki kumlinda mpangaji bila kupokea kitu.

(e) Kibali cha ujenzi na ramani. Vitafuteni Halmashauri ya Mji, iwe ya Njombe au ya Makambako. Linganisheni ramani na jengo lenyewe. Kama ramani ina chumba kimoja cha chini na jengo lina ghorofa, tayari mmepata swali la kwanza la kumwuliza mhandisi.

(f) Mipaka. Mwiteni mpima ardhi awaonyeshe mawe ya mipaka. Ukuta unaopita mpaka ni ugomvi ulionunuliwa.

(g) Hifadhi ya barabara na reli. Hili ni la muhimu sana Makambako. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Jengo linalovutia kwa kuwa liko karibu na lami ndilo lenye hatari kubwa ya kupigwa alama ya X. Wengi tunakumbuka mwaka 2017, nyumba, maduka na hata nyumba za ibada kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Jibu la TANROADS, na la TAZARA kwa walio karibu na reli, lipatikane kwa maandishi.

HATUA YA PILI: KAMATI IONE KWA MACHO YAKE

Kabla ya kumlipa mtaalamu, kamati iende yenyewe, watu wanne au watano, wake kwa waume. Mwende angalau mara mbili, na mara moja iwe wakati wa mvua au mara tu baada ya mvua kubwa. Kwetu mvua huanza takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Jengo lililotazamwa Agosti peke yake ni sawa na mchumba aliyetazamwa siku ya harusi ya mwenzake: kila kitu kimepambwa.

Chukueni daftari, futi kamba, tochi, msumari mrefu na simu ya kupiga picha. Angalieni haya:

Ardhi na maji. Maji ya mvua yanakwenda wapi? Kama yanatuama kwenye msingi, msingi unalowa kila mwaka. Kwenye mteremko, tafuteni ni upande upi uliochongwa na upi uliojazwa.

Nyufa. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye plasta si jambo la kutisha. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, ulio mpana juu kuliko chini, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta, ni dalili ya msingi kutembea. Mafundi wa zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika baada ya wiki kadhaa, ufa bado unatembea. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu iwatie shaka.

Kuta. Majengo mengi ya kwetu ni ya tofali za kuchoma, na mengi yamejengwa kwa udongo badala ya saruji, kisha yakapigwa plasta nje. Nendeni mahali ambapo plasta imebanduka, mkwaruze kiungo kwa msumari. Kikitoka kama unga, huo ni udongo. Ukuta wa namna hiyo unaweza kudumu ukiwa mkavu na wa chini, lakini haufai kubebeshwa ghorofa.

Paa. Ingieni darini. Je, mbao za kenchi zimepinda? Mbao za msindano zikipigwa mbichi, kama inavyofanyika sana kwetu, hupinda zinapokauka na misumari hulegea. Tafuteni vichuguu vya mchwa na unga wa fukusi. Makambako ina upepo mkali, kwa hiyo angalieni kama kenchi zimefungwa ukutani kwa waya au chuma au zimekaa tu kwa uzito wake. Na kama paa la zamani ni la asbesto, msilikate wala kulivunja, kwani vumbi lake husababisha saratani. Kuliondoa kunahitaji utaratibu maalumu, na gharama yake iingie katika hesabu.

Umeme. Fungueni boksi la swichi kuu. Waya zilizoungwa kwa gundi ya plastiki, soketi moja inayolisha friji, pasi na mashine ya kunyolea, au nyumba isiyo na waya wa ardhini, ni hatari. Ulizeni kama kila fremu ina mita yake ya LUKU. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme, hivyo mjue nani anaibeba, ninyi au mpangaji.

Moto. Kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai, wapangaji wengi wa Njombe huwasha jiko la mkaa ndani ya duka. Je, duka lina dirisha linalofunguka? Ghorofa ina ngazi moja tu, tena ya mbao? Nondo za madirishani zimeziba njia zote za kutokea?

Vyoo na maji taka. Funueni mfuniko wa shimo. Ulizeni lilinyonywa lini mara ya mwisho na kama gari linaweza kufika.

Wapangaji. Hawa ndio wakaguzi ambao hawalipwi. Wasalimieni vizuri, kamwene ya kweli, kisha kaeni nao bila muuzaji wala dalali kuwepo.

YALIYOTOKEA MAKAMBAKO

Baada ya kosa letu la Njombe tulijiwekea kanuni kwamba hatutachangia ununuzi wa jengo lisilo na taarifa ya ukaguzi. Kanuni hiyo ilijaribiwa Makambako. Parokia moja ya vijijini ilikuwa imekusanya fedha kwa miaka sita, kutoka mauzo ya mahindi, viazi na michango ya jumuiya ndogo ndogo, ili kuwasomesha yatima. Mzigo wa yatima mkoani kwetu mnaujua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha Njombe kuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 11.4.

Kamati ilipata jengo la fremu sita kando ya barabara kuu, lenye stoo juu. Dalali alisema yupo mteja wa Dar es Salaam anayekuja Ijumaa na fedha taslimu. Mwenyekiti alitaka kulipa siku hiyo hiyo. Tulipoomba wiki tatu za ukaguzi alikasirika, akatuambia, "Ninyi ndugu zangu mnakaa ofisini. Nikilikosa jengo hili, mtakwenda kuwaeleza waumini?" Baba Paroko alimjibu taratibu, "Mzee wangu, tukilikosa tutawaeleza pamoja. Tukilinunua bovu, utawaeleza peke yako?" Mzee alikaa kimya, kisha akakubali.

Mama mmoja wa kamati alikwenda kununua sukari katika fremu ya tatu. Alimwuliza mwenye duka, "Mwanangu, kipindi cha mvua mzigo unaukalisha wapi?" Akajibiwa kwamba kila Januari hupandisha kila kitu juu ya meza, kwa kuwa maji huingia kutokea nyuma. Futi kamba ilionyesha kwamba fremu mbili za mbele ziko ndani ya mita 30. Mhandisi naye alibandua plasta sehemu tatu, akachimba pembeni ya msingi, akaandika kwamba stoo ya juu iliongezwa baadaye juu ya kuta za tofali zilizojengwa kwa udongo, bila nguzo za zege. Alishauri stoo isitumike kabisa.

Parokia haikununua. Mteja wa Dar es Salaam hakuonekana Ijumaa ile, wala Ijumaa iliyofuata. Lakini msifikiri ilikuwa rahisi. Kwa miezi minane kamati ilisemwa vibaya kwamba imekalia fedha za watu. Hatimaye walipata jengo dogo la fremu nne barabara ya ndani, lenye hati safi. Ukaguzi ulionyesha paa na nyaya zinahitaji kubadilishwa, na muuzaji akapunguza bei kwa kiasi hicho. Mwenyekiti yule yule ndiye aliyesimama kanisani kusoma taarifa ya mhandisi, ukurasa kwa ukurasa.

HATUA YA TATU: MTAALAMU WENU, SI WA MUUZAJI

Macho ya kamati hayatoshi. Pateni wataalamu kwa utaratibu huu:

1. Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Taarifa yake iwe na muhuri wenye namba yake ya usajili, na ninyi muihakikishe namba hiyo kwenye Bodi.

2. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, apime nyaya na waya wa ardhini.

3. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa ushauri wa njia za kutokea na vizima moto.

4. Mthamini aliyesajiliwa. Kumbukeni kwamba mthamini husema jengo lina thamani gani sokoni, na mhandisi husema litasimama au halitasimama. Taarifa ya mmoja haichukui nafasi ya mwingine.

Mtaalamu alipwe nanyi na awajibike kwenu. Asiwe ndugu wa muuzaji, asiletwe na dalali, na asiwe fundi anayetarajia kupewa kazi ya ukarabati. Ombeni bei kwa maandishi kutoka kwa wataalamu wawili. Katika barua ya kazi mtaje mnataka kulitumia jengo kwa shughuli gani, kwa sababu swali si kama jengo ni imara kwa jumla, bali kama ni imara kwa saluni, kwa stoo ya mbolea au kwa mashine ya kusaga. Muuzaji naye atoe kibali cha maandishi cha kubandua plasta na kuchimba pembeni ya msingi. Akikataa kabisa, hilo nalo ni jibu.

Taarifa iwe na picha, na igawe matatizo katika mafungu matatu: ya hatari yanayozuia matumizi, ya kutengenezwa ndani ya mwaka mmoja, na ya matunzo ya kawaida. Kila moja liwe na makadirio ya gharama. Mwombeni aisome mbele ya kamati nzima kwa lugha ya kawaida, na kila mjumbe awe huru kuuliza.

HATUA YA NNE: KUITUMIA TAARIFA

Taarifa isiwekwe kabatini. Ifanyieni hesabu. Tuchukue mfano wa kufundishia. Jengo lina fremu sita, bei ni shilingi milioni 90, na kila fremu hulipa 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 5,760,000. Kwa hesabu hiyo fedha zitarudi baada ya miaka 15 na miezi kama saba na nusu.

Sasa taarifa inasema fremu mbili ziko katika hifadhi ya barabara. Zinabaki nne, yaani shilingi 3,840,000 kwa mwaka. Bei ile ile itarudi baada ya zaidi ya miaka 23. Ongezeni matengenezo ya milioni 17, na mtasubiri karibu miaka 28. Yatima wa leo watakuwa na wajukuu.

Baada ya hesabu mna njia tatu. Ya kwanza ni kununua kwa bei iliyopunguzwa kulingana na gharama za matengenezo. Ya pili ni kumtaka muuzaji atengeneze kwanza, kisha mkaguzi wenu arudi kuthibitisha. Ya tatu ni kuacha. Msione aibu kuacha. Gharama ya ukaguzi wa jengo mliloliacha si hasara, ni ulinzi wa fedha zote zilizobaki.

Na kama muuzaji anataka malipo ya awali ili asimpe mwingine, mkataba uandikwe na mwanasheria na utamke wazi kwamba fedha itarudishwa yote kama upekuzi au ukaguzi utaonyesha kasoro kubwa. Malipo yote yapite benki. Kauli ya mdomo, hata mbele ya wazee, isitegemewe.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa ukarimu wenu. Tunatoa rai kwenu juu ya mambo mawili. Kwanza, ruhusuni gharama za upekuzi na ukaguzi ziwe kifungu halali katika bajeti, hata pale ununuzi usipofanyika. Kamati isiyo na fedha ya ukaguzi hulazimika kukisia. Pili, msizishinikize kamati zimalize fedha kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Haraka ya Desemba ndiyo iliyonunua nyufa za Januari. Ni heri taarifa ya mradi isemayo kwamba fedha bado ziko benki kwa sababu jengo lilionekana bovu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Je, majengo ambayo parokia yetu inayo sasa yameandikwa kwa jina la nani? Hati ziko wapi?

2. Ni lini mara ya mwisho tuliingia darini, tukakagua nyaya, tukapima nyufa za jengo letu wenyewe?

3. Kama muuzaji ni rafiki au muumini mwenzetu, tutamwelezaje kwa heshima kwamba lazima tukague?

4. Someni Luka 14:28-30. Je, gharama ya ukaguzi ni sehemu ya hesabu ambayo mjenzi alipaswa kuifanya kabla ya kuanza?

5. Nani kati yetu atapewa jukumu la kusema "tusubiri" pale wengine wote watakapotaka kulipa?

Tunaomba kamati zijadili maswali haya katika kikao kijacho. Kamati inayofikiria kununua jengo itujulishe kabla ya kutoa malipo yoyote, nasi tutafuatana nayo kwenda kuliona jengo hilo, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.